Unga wa dhahabu kwenye keki: "haina sumu" haina maana ni chakula



Binti wa dada yangu alikhitimu juzuu Amma, na kama ilivyo kawaida siku hizi, madrasa ikaandaa shughuli na shughuli ikahitaji keki. Dada yangu huoka keki za oda nyumbani kwake, kwa hiyo hiyo ya mwanawe aliifanya kwa moyo wote. Aliipa umbo la msahafu uliofunguliwa, kurasa nyeupe za krimu, kingo zote za dhahabu. Kama inafaa kukata kwa kisu keki yenye umbo la msahafu, hilo nawaachia masheikh. Mimi usiku ule macho yangu yalikuwa kwenye kichupa kidogo kilichokuwa mezani, na brashi iliyokuwa mkononi mwake.

"Dada, hii ni nini?"

"Dhahabu ya keki, mdogo wangu. Bila hiyo siku hizi huuzi."

Nikawasha tochi ya simu nikasoma. Palikuwa na neno la Kiingereza "non-toxic", yaani haina sumu, na chini yake kwa herufi ndogo sana imeandikwa kwamba ni kwa mapambo tu. Hapakuwa na orodha ya vilivyomo, wala jina la kiwanda, wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Nilipomwonyesha, dada alinijibu kwa ushindi: "Si unaona mwenyewe wameandika haina sumu?"

Ndugu msomaji, kosa hili si la dada yangu peke yake, na ndiyo sababu ya makala hii. Kalamu ya shule nayo huandikwa haina sumu. Rangi za watoto za kuchorea huandikwa hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba mtoto akiilamba kwa bahati mbaya, haitarajiwi kumdhuru. Haina maana kwamba kiwanda kimekitengeneza kitu kile ili kiliwe kwa kijiko. Unga uliotengenezwa kuliwa huandikwa "edible", na huwa na orodha ya vilivyomo: sukari, wanga wa mahindi, gundi ya mgunga, madini ya maika, na rangi zilizoruhusiwa kwenye chakula. Kichupa kisicho na orodha, hata kama muuza duka anakuapia, kichukulie kuwa ni rangi ya ukutani mpaka ithibitike vinginevyo.

Wapo watakaosema natia chumvi. Basi nitaje yaliyotokea Marekani, ambako walipima wakaandika. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island, watoto 6 wenye umri kati ya mwaka 1 na 11 walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa. Wa kwanza alianza ndani ya nusu saa. (Mjadala wa kusherehekea siku ya kuzaliwa wenye elimu wameshauzungumza, hapa nazungumzia tumbo.) Keki ile ilikuwa imepakwa unga wa rangi ya dhahabu yenye wekundu, na ulipopimwa ulionekana kwa sehemu kubwa ni shaba iliyosagwa. Gramu moja ya krimu ya juu ilikuwa na miligramu 22.1 za shaba. Mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 1 ya shaba kwa siku nzima, na haishauriwi kuvuka 10. Sasa mtoto anayelamba krimu kwanza na kuacha mkate wa keki, kama wafanyavyo wote, anakula gramu ngapi?

Shaba angalau ina heri moja: huchafua tumbo, mtoto hutapika, na mzazi hushtuka. Kinachonitisha zaidi ni kisa cha pili, cha jimbo la Missouri mwaka 2019. Mtoto wa mwaka 1 alikula keki iliyotengenezwa nyumbani na kupambwa kwa unga wa njano. Unga ule ulipopimwa, robo yake nzima, asilimia 25, ilikuwa madini ya risasi. Damu ya mtoto ilikuwa na mikrogramu 12 za risasi kwa desilita, wakati huko kwao leo mtoto huanza kufuatiliwa akifikia 3.5. Visa hivi viwili vilichapishwa mwaka 2021 na CDC, kituo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia udhibiti wa magonjwa.

Risasi haina haraka. Mtoto anaweza asitapike wala asipate homa. Huingia kwenye damu, ikahamia kwenye mifupa ikakaa humo miaka, na katika safari hiyo huugusa ubongo unaokua. Mtoto anakuwa mzito wa kushika darasani, ana hasira, hatulii, halafu ustadhi anasema ni mtundu na mama anasema amerogwa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Mama mjamzito naye, ile iliyolala kwenye mifupa yake hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo lile neno "kidogo tu hakidhuru" halina nafasi hapa.

"Lakini ni dhahabu," mama mmoja aliniambia. Si dhahabu. Dhahabu halisi, ile ya karatasi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, kweli inaruhusiwa kwenye vyakula katika nchi nyingi, na tumbo haliiyeyushi, huingia na kutoka ilivyo. Ila bei yake unaijua. Unga wa bei ya soda unaoitwa dhahabu ama ni maika iliyotiwa rangi, ambayo ikiwa ya chakula haina neno kubwa, ama ni mchanganyiko wa shaba na zinki, ule ule unaopakwa kwenye fremu za picha. Kwa jicho huwezi kuvitofautisha. Vyote vinang'aa.

Kuna jambo jingine, na hili linatuhusu zaidi sisi Waislamu. Unga huu ukitaka kuupaka kama rangi ya maji unahitaji kuchanganywa na kitu kinachokauka upesi, na mafunzo mengi ya kupamba keki yanaelekeza utumie vodka. Ndiyo, pombe kali. Akina mama wanajifunza kwa video, wanafuata hatua kwa hatua, na wengine hawajui hata hicho kichupa cheupe ni nini. Wengine wanajua, wakasema inakauka, haibaki. Mimi ni afisa tabibu, ingawa mtaani wananiita daktari, na madrasa nilisoma nikamaliza lakini si mufti, kwa hiyo sitoi fatwa ya kilichokauka na kisichokauka. Najua tu kwamba mtu aliyeagiza keki ya akika au ya kukhitimu Qur'ani hakulipia brashi iliyochovywa kwenye pombe, na kumficha ni kumdhulumu. Unga wa kuliwa unaweza kupakwa mkavu kwa brashi laini na ukashika. Angalieni pia namba E120 kwenye rangi nyekundu na za waridi, maana hutoka kwa mdudu, na hukumu yake muulizeni sheikh wenu. Qur'ani inapotuamrisha kula imetaja halali na twayyib kwa pamoja. Sisi tumekuwa hodari wa kuuliza nyama imechinjwa na nani, la pili hatuliulizi.

Na hapa nawageukia wateja, kwa sababu naona lawama zote zinamwendea mpishi. Dada yangu alinuna, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo: "Na wateja utawaambia wewe?" Ni kweli. Sisi ndio tunaompelekea picha ya keki ya harusi ya tajiri na kumwambia tunaitaka vile vile kwa nusu ya bei. Mpishi akinunua unga wa kuliwa wenye maelezo kamili atalipa zaidi, na sisi tutahamia kwa jirani yake. Basi unapoagiza keki, uliza utaona kichupa. Mpishi mwaminifu hataona vibaya. Na kama hela haitoshi, acha kung'aa. Usiku ule tulikwangua kingo zote, kidole kizima kwenda chini, tukazungushia lozi na pistachio zilizosagwa, na maji ya zafarani juu ya krimu. Haikumeta kwenye picha. Watoto waliimaliza.

Nakiri kosa langu pia. Kwa miaka kadhaa nimepokea watoto waliotapika baada ya shughuli, nikaandika chakula kimeharibika, nikawapa maji ya chumvichumvi na zinki wakaenda nyumbani. Huenda wengi ilikuwa hivyo kweli. Lakini sikuwahi hata mara moja kuuliza keki ilipambwa kwa nini, na kipimo cha risasi kwenye damu zahanati yetu haina, lazima mtoto apelekwe hospitali kubwa. Sasa nauliza.

Kwa hiyo mtoto akitapika baada ya kula keki inayong'aa, msimlazimishe kutapika zaidi wala msimpe maziwa kama dawa. Mleteni mapema, hasa akiwa mdogo, akilegea, au akitapika damu. Aliyekula na hakutapika naye tuambieni, hasa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano. Na kile kichupa msikitupe kwa kuogopa kulaumiwa. Kifungeni kwenye mfuko, mje nacho.