Mtoto anayeulizwa kila siku "kwenu wapi?"

Mzazi, mwanao analalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi. Umempima malaria, hana. Umempa dawa ya minyoo, hali ni ileile. Lakini Jumamosi alicheza mpira hadi magharibi. Kabla hujasema anadeka, muulize: shuleni wanakuitaje?

Tangu migodi ya Geita na Bulyanhulu ianze uzalishaji, mwaka 2000 na 2001, familia kutoka Kigoma, Kagera, Mara na kwingineko zimehamia Geita, Katoro na Kahama. Watoto waliozaliwa huku sasa ni vijana.

Chukua mtoto wa Waha aliyezaliwa Katoro. Jirani akimsalimu "mwangaluka", anaitikia vizuri. Siku akigombana na wenzake, wanamwambia arudi kwao Kigoma. Likizo akienda Kasulu, binamu zake wanakicheka Kiha chake na kumwita Msukuma.

Mtoto asiyejua kulieleza jambo hilo huliugua. Huzuni na hofu hutokea kama maumivu ya tumbo au kichwa, kukosa usingizi, hasira, au kushuka kwa masomo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mmoja kati ya vijana saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Sisi wazazi tunakosea kwa njia mbili. Wapo wanaoficha lugha ya nyumbani ili mtoto asichekwe. Wapo wanaomzuia kushikamana na wenyeji ili "asipotee". Utafiti ulioongozwa na John Berry na kutolewa mwaka 2006, kwa vijana zaidi ya 5,000 wa familia za wahamiaji katika nchi 13, ulionyesha kuwa walioshika vyote viwili, vya wazazi na vya mahali wanapoishi, ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi.

Kwa hiyo usimchagulie upande. Mfundishe salamu za kwenu na majina ya babu zake, na umsifie kwa Kisukuma chake. Utani wa makabila ni mzuri wote wakicheka. Mmoja akilia, nenda ukaongee na mwalimu.

Dalili zikizidi wiki mbili, mpeleke kituo cha afya na umweleze mganga yote, si tumbo tu. Akisema hataki kuishi, usimkemee wala usingoje kesho. Mpeleke siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.