Fundisho la Bustani Iliyomo Chupani

Katika baadhi ya nyumba zetu huonekana pambo la namna yake sebuleni: chupa kubwa ya kioo iliyofungwa kwa kifuniko, na ndani yake mimea midogo iliyo hai. Mgeni aionapo mara ya kwanza hudhani kuwa mwenye nyumba ameifungia mimea ile ili ife. Kumbe sivyo. Bustani hiyo ikitengenezwa vyema huweza kuishi miezi mingi, hata miaka, bila ya kutiwa maji. Sisi tunaona kuwa pambo hilo lastahili kutazamwa kwa makini na kila mkaazi wa visiwa hivi, na hasa na wale waliopewa dhamana ya kuviongoza.

Jambo hili lilianza kwa bahati. Kiasi cha mwaka 1829 tabibu mmoja wa London, Nathaniel Ward, alikifukia kifukofuko cha nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, ili amwone mdudu akitoka. Badala yake akaona kangaga na jani moja la nyasi vikichipua. Kangaga alizozipanda nje zilikuwa zikifa kwa moshi wa viwanda. Hii ya chupani ikastawi. Mwaka 1833 masanduku mawili ya kioo aliyoyabuni yalipakiwa merikebuni hadi Sydney, Australia, na mimea ikafika hai. Baadaye, ni kwa masanduku ya namna hiyo miche ya chai ilivyosafirishwa kutoka China hadi India.

Siri yake si kubwa. Maji yaliyomo udongoni hunywewa na mizizi, hutoka majanini kwa mvuke, hugusa kioo, hugeuka matone na kurejea udongoni. Mchana mimea huvuta hewa ya ukaa na kutoa oksijeni; usiku na mchana mimea hiyo, pamoja na vijidudu vya udongoni, huvuta oksijeni na kurejesha ile ya ukaa. Jani likifa huoza, na uozo huwa chakula cha jani jipya. Kitu kimoja tu hutoka nje, nacho ni mwanga.

Kwa atakaye kujaribu, vifaa vyake havina gharama. Itafutwe chupa yenye mdomo mpana, ioshwe na kukaushwa. Chini yatiwe kokoto, kisha makaa ya miti yaliyopondwa, kisha udongo mwepesi uliochanganywa na unga wa makumbi. Mchanga wa pwani usitumiwe, kwani una chumvi na chokaa. Yapandwe machache yapendayo unyevu na yasiyokua upesi, kama vile kangaga ndogo. Mshubiri haufai, maana utaoza. Wala yasitiwe majani yatambaayo kwa kasi, kwani yatayafunika mengine yote. Sisi watu wa visiwani tunalijua hilo: kunguru walioletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wangali wakitutaabisha hadi leo. Wala mtu asende Jozani au Ngezi kung'oa; si haki kuuvunja msitu ili kupamba meza.

Baada ya kupanda, inyunyizwe maji ya mvua kwa kijiko, si kwa kikombe, kisha ifungwe. Iwekwe penye mwanga lakini jua lisiipige, kwani kioo kilichofungwa katika jua letu hugeuka tanuri. Kisha mwenyewe aisome. Ukungu ukionekana asubuhi na kutoweka mchana, mambo ni sawa. Kioo kikilia machozi mchana kutwa, maji yamezidi; kifunuliwe kwa saa chache. Kikiwa kikavu siku nyingi, kiongezwe kijiko kimoja. Jani lililooza liondolewe kabla ya kuvu kuenea. Mbolea isitiwe. Wengi huziua bustani hizi kwa kuzidisha, si kwa kupunguza.

Sasa tuuliza: je, kisiwa ni nini kama si chupa ya namna hii? Mvua ya masika na ya vuli hupenya katika mawe yetu ya chokaa, ikatulia chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Hiyo ndiyo akiba yetu. Tukiiteka kupita kiasi, chumvi hupanda. Tukiimwagia uchafu, tutaunywa. Tukiifunika ardhi kwa saruji, mvua itakimbilia baharini bila ya kutufaa. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya mfereji kutoka Bububu, nao ulikuwa mji mdogo. Sensa ya 1978 ilitukuta Unguja na Pemba tu watu 476,111. Ile ya 2022 ilitukuta 1,889,773. Watu wameongezeka karibu mara nne. Chupa ni ile ile.

Wapo watakaosema kuwa mfano huu haufai, kwa sababu kisiwa hakikufungwa: majahazi na meli huleta mchele, unga na mafuta kila siku. Ni kweli. Lakini ni meli gani itakayotuletea chemchemi iliyoingia chumvi, au udongo uliokwishachukuliwa na maji? Wengine watategemea fedha na utaalamu. Hao wakumbuke yaliyotokea katika jangwa la Arizona, Marekani. Mwezi wa Septemba 1991 watu 8 walijifungia katika jumba la kioo la ekari zipatazo 3, liitwalo Biosphere 2, lenye msitu, mashamba na hata bahari ndogo, wakae humo miaka miwili. Oksijeni ikashuka kutoka asilimia 21 hadi kiasi cha 14, na Januari 1993 ikabidi iingizwe kutoka nje. Waliokuwa wakiimaliza ni vijidudu vya udongo uliorutubishwa mno, na saruji ya jengo ikaimeza hewa ya ukaa ambayo mimea ingeigeuza. Wataalamu walishindwa na vitu wasivyovitia hesabuni. Lakini wao walikuwa na mlango wa kutokea.

Kwa hiyo tunatoa rai mbili. Ya kwanza kwa wazazi na walimu: kila darasa liwe na bustani moja ya chupani, na watoto wenyewe wawe walinzi wake, waandike kila siku walichokiona. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi kijiko kimoja cha ziada kinavyoozesha mizizi hatahitaji hotuba ndefu juu ya mazingira. Samaki mkunje angali mbichi.

Rai ya pili ni kwa wakubwa wetu serikalini. Kabla ya kupiga mhuri kibali cha jengo, cha kisima au cha jaa la taka, ofisa ajiulize kwanza maji ya mahali hapo yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Maeneo yanayopokea mvua ya visima vyetu yapimwe, yatangazwe, na yasigawiwe kwa mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni, awe mdogo au mkubwa. Sheria isiyomgusa mwenye cheo ni kifuniko chenye tundu.

Nasi tumalizie kwa ile chupa ya kwanza. Kangaga na jani la Dakta Ward viliishi karibu miaka minne bila ya kuhudumiwa. Havikufa kwa kiu wala kwa uzee. Mwenyewe alikuwa safarini, kifuniko kikashika kutu, mvua ikaingia, na vyote vikaoza. Kutu haianzi kwa siku moja, wala haipigi kelele. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kisiwa, maji yakishaingia chumvi hata huo ukuta hautafaa kitu.