Menyu ya fayawoli ikipotea baada ya umeme kukatika, usikubali kupigiwa programu upya haraka

Leo siongelei bei za mzigo wala namna ya kupiga picha bidhaa. Naongelea kile kiboksi kilichokaa juu ya kabati la frem yako, kile fundi alichokuwekea akakwambia "usikiguse". Kile kinachogawa intaneti, kinatenga kamera na printa upande wao, Wi-Fi ya wateja upande wake, na kuzuia wanaobisha hodi kutoka nje. Wenyewe wanakiita fayawoli.

Wengi wetu hapa Kariakoo hatuna habari nacho mpaka umeme ukatike, urudi, halafu chenyewe kisirudi kama zamani. Unachomeka monita uone kuna nini, unakuta ile menyu yenye namba haipo. Kioo cheusi, au maandishi yameganda njiani. Unampigia fundi, fundi anasema programu imekufa, tupige upya.

Mimi nasema hapana. Menyu kutoonekana si mashine kufa. Anayekimbilia kupiga upya kabla ya kuangalia mambo mawili matatu anakufutia kazi iliyokuwa nzima. Ada ya somo hili nimeshailipa, kwahiyo naongea kwa uchungu kidogo, mnivumilie.

Ilikuwa kipindi cha mgao, ule wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024. Tuko frem nne ghorofa ya pili, mtaa wa Narung'ombe, tunachangia faiba moja. Mimi ndo niliyejitia ujuaji nikaleta kompyuta ndogo ya mtumba, fundi akaiwekea pfSense, ambayo ni programu ya bure ya fayawoli. Siku hiyo umeme ukakatika mara tatu kabla ya saa sita mchana. Uliporudi mara ya tatu nikachomeka monita nione kama mashine imewaka. Giza tupu. Fundi akaja na flashi yake, akapiga upya, akachukua elfu hamsini, akaondoka. Intaneti iko hewani, kila mtu kafurahi.

Shida ikaanza jioni. Kamera hazionekani kwenye simu. Printa ya oda haipatikani. Laini ya akiba ya 4G, ile ya kushika faiba ikizingua, haishiki. Wi-Fi ya wateja imechanganyika na ya kwetu. Namuuliza fundi alivyokuwa amepanga mwanzo, na yeye hakumbuki, ni mwaka umepita. Tukahangaika siku mbili. Nilikuwa na mizigo ya Mbeya na Mwanza niliyoahidi itapanda basi usiku ule ule, haikupanda, na mteja mmoja wa Mwanza aliyekuwa anachukua kila mwezi hajarudi mpaka leo.

Sasa kilichoniuma zaidi. Wakati fundi anachomeka ile flashi, dogo wa frem ya pembeni alikuwa anaangalia YouTube kwa intaneti ile ile! Mashine ilikuwa nzima inafanya kazi. Kilichokosekana ni picha kwenye monita, basi. Nilikuja kujaribu mwenyewe baadaye: nikiwasha kile kiboksi bila monita halafu nikachomeka monita kikiwa kimeshawaka, kioo kinabaki cheusi. Nikizima nikawasha monita ikiwa tayari imechomekwa, menyu hii hapa. Kompyuta nyingi ndogo ziko hivyo, zikiwaka bila kuona monita hazijisumbui kutoa picha. Elfu hamsini na siku mbili, kwa sababu ya waya wa HDMI.

Kwahiyo swali la kwanza kabisa, kabla hujagusa kitu: je, simu yako inapata intaneti kupitia hapo? Fungua na ukurasa wa kuingilia fayawoli kwenye kivinjari, kwa wengi ni 192.168.1.1. Ukifunguka, tulia. Mashine ni nzima, na mambo yote unaweza kuyafanyia humo humo. Fundi anayesema tupige upya bila kuuliza swali hili, mlipe nauli arudi zake.

Kama maandishi yanaonekana yakianza kupita halafu yanaganda, huku intaneti inafanya kazi, mara nyingi menyu imetumwa kwingine. pfSense inaweza kuonyesha menyu kwenye monita au kuituma kwenye tundu la siriali, lile la kuchomekea waya maalumu kutoka kwenye laptopu. Moja kati ya hizo ndiyo inakuwa konsoli kuu, na ikiwa ni siriali, monita utaona mwanzo tu. Kipengele hicho kiko kwenye ukurasa wa kivinjari, System, kisha Advanced, huko chini. Wala hakikubadilika siku umeme ulipokatika. Kilikuwa hivyo tangu mwanzo, ila wewe hujawahi kuchomeka monita tangu fundi aondoke.

Na kama unaona neno "login:" peke yake, hiyo siyo hitilafu jamani. Menyu imefungwa kwa paswedi, weka jina na paswedi itatokea. Swali ni kama paswedi unayo. Nitarudi hapo.

Kuna hali nyingine ilinikuta mwaka huu. Umeme umerudi kwa kishindo, mashine inawaka, lakini badala ya menyu inauliza kama nataka kupanga VLAN, jibu y au n, na inasubiri hapo. Intaneti hakuna. Zamani ningepiga simu. Safari hii nikasoma mistari ya juu yake, inasema matundu ya mtandao iliyokuwa inayajua haiyaoni yote. Kumbe ile adapta ya USB niliyokuwa nimeongeza kwa ajili ya laini ya 4G imeungua. Nikashuka Aggrey nikanunua nyingine ya aina ile ile, nikachomeka, nikawasha upya, menyu ikarudi na mipangilio yote kama nilivyoiacha. Usipopata ya aina ile ile, unajibu maswali yake polepole, unaionyesha tundu lipi ni la nje na lipi la ndani, inaendelea.

Iko pia hali mbaya kweli, siwezi kuwaficha. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika kwenye diski, mafaili yanaweza kuvurugika, nayo inakwama katikati ikiomba ukaguzi wa diski. Hata hapo kupiga upya si hatua ya kwanza. Washa upya, kwenye ile menyu fupi ya mwanzo kabisa chagua namba 2, ya mtumiaji mmoja, bonyeza Enter ikikuuliza, kisha andika fsck -y / na uirudie mara kadhaa mpaka isiwe na cha kurekebisha. Halafu andika reboot. Inasaidia zaidi kwa usakinishaji wa zamani uliotumia mfumo wa mafaili wa UFS. Tangu toleo 2.6.0 la mwaka 2022 chaguo la kawaida ni ZFS, ambao unavumilia kukatika kwa umeme vizuri zaidi. Ukishindikana kabisa na ikabidi kupiga upya, mwambie fundi kwamba kisakinishi cha pfSense kina sehemu ya kuokoa faili la config.xml kutoka kwenye diski ile ile kabla ya kufuta. Wengi wanaipita kama hawaioni.

Na kwa sisi wa mashine za mtumba, angalia kile kibetri cha saa, CR2032. Kikiisha, umeme ukikatika BIOS inasahau kila kitu. Mashine haijiwashi yenyewe umeme ukirudi, au inatafuta programu kwenye diski isiyo yake, au saa inarudi miaka ya nyuma. Kibetri ni bei ya soda. Nimeona mtu karibu atupe kompyuta nzima kwa sababu yake.

Turudi kwenye paswedi. Mafundi wengi wanajua kazi na wanatusaidia, mimi mwenyewe sikusoma chuo, wamenifundisha mengi. Kosa ni letu. Tunalipa hela ya kazi halafu tunaacha paswedi kichwani kwa fundi, na mipangilio yote inakaa sehemu moja tu, ndani ya kiboksi ambacho umeme unakipiga kila wiki. Mwenye frem hawezi kukupangisha halafu akabaki na funguo zote. Siku ya makabidhiano dai paswedi, ingia mwenyewe mbele ya fundi, nenda Diagnostics, kisha Backup & Restore, pakua faili la config.xml. Kila mkibadilisha kitu, pakua jingine. Faili hilo likiwepo, hata mashine ikiungua kabisa unaweka programu kwenye mashine nyingine na kurudisha karibu kila kitu ndani ya saa moja. Lina siri zako humo ndani, kwahiyo usilirushe kwenye grupu la WhatsApp la ghorofa, kama alivyofanya mtu mmoja ambaye namheshimu simtaji.

Kuna wanaoniambia suluhisho ni UPS tu, haya mengine ni kujichosha. UPS ninayo na ninaipenda. Ila nimeona frem UPS inabeba fayawoli, televisheni, printa na chaja sita za simu, inakata ndani ya dakika mbili, tena kwa ghafla ile ile. Kiboksi na rauta ya faiba vinakula umeme mdogo sana. Viache peke yao hapo, televisheni izime tu. Na betri ya UPS inazeeka kimya kimya. Mwaka wa tatu, wa nne, taa inawaka kijani lakini ndani hamna kitu. Mimi naijaribu kwa kuchomoa waya ukutani jioni tukishafunga, nikiwa nimeshapakua faili langu.

Usiku wa 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ilipopata hitilafu, nchi karibu nzima ikawa giza. Mimi asubuhi nilifika frem nikiwa na faili kwenye flashi, paswedi kwenye daftari nyumbani, na monita imeshachomekwa kabla sijawasha chochote. Majirani zangu watatu walikuwa wamesimama mlangoni wananiangalia. Menyu ikatoka. Tukafungua biashara.