Daktari, niambie tu kwamba hujui

Nimekuwa kimya wiki mbili na baadhi yenu mmeuliza kulikoni. Nilikuwa nyumbani Maramba, nimejilaza mkekani kwa mama huku nimeshika tumbo. Si mara ya kwanza. Ni zaidi ya mwaka sasa maumivu haya yanakuja na kuondoka, na leo nataka kusema jambo linalonikera kuliko maumivu yenyewe.

Katika muda huo nimeambiwa nina taifodi mara nne. Mara nne, jamani! Kila mara ni yale yale: unasema tumbo linauma, unatolewa damu, baada ya dakika chache unapewa karatasi yenye namba na muhuri, halafu dirisha la dawa. Hakuna aliyenibonyeza tumbo. Hakuna aliyeuliza kama linauma kabla ya kula au baada ya kula. Homa sikuwa nayo. Sitaji vituo hivyo, maana si kimoja, na huenda hata wewe una karatasi kama yangu kabatini.

Kipimo chenyewe kinaitwa Widal, jina la Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu wa taifodi. Kinatafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo yaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya kupona, au kuamshwa na vimelea vingine kabisa.

Tena ushahidi hautoki mbali. Watafiti walikipima hapo jirani, Muheza, kwa watoto waliolazwa wakiwa na homa, wakalinganisha majibu yake na damu iliyooteshwa maabara. Matokeo yalichapishwa 2010: katika kila majibu 100 ya Widal yaliyosema "taifodi ipo", ni kama 26 tu yaliyokuwa kweli. Iliposema "haipo", ilikuwa sahihi kwa asilimia 99. Yaani kipimo hiki kinafaa zaidi kukuondolea taifodi kuliko kukupa, na sisi tunakitumia kinyume!

Taifodi ipo na inaua, sikatai. Lakini kila dozi ya taifodi isiyokuwepo inaupa ugonjwa halisi nafasi ya kuendelea kujificha. Vidonda vya tumbo, kichocho ambacho pwani yetu inakijua vizuri, mawe ya nyongo, matatizo ya kizazi kwa dada zetu, hata saratani. Na zile antibayotiki tunazomeza bure zinawafundisha wadudu kuzizoea.

Najua nitajibiwa: vifaa hakuna, foleni ni ndefu. Nakubali. Ila kusema "sijui bado" kunahitaji mashine gani? Na sisi wagonjwa tusijitoe. Daktari asipotupa dawa tunatoka tukisema hajui kazi, tunakwenda kwa mwingine atakayetupa jina la ugonjwa na mfuko wa vidonge.

Hata wakubwa wa tiba waliwahi kuwa na uhakika wa uongo. Kwa miaka mingi walifundishana kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na asidi. Mwaka 1984 Barry Marshall wa Australia akanywa bakteria aliowashuku, tumbo likavimba kwa ndani, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Walianza kwa kukataa jibu lililozoeleka.

Safari hii nimekutana na tabibu mmoja mtu mzima. Alizisoma karatasi zangu zote nne, akanilaza, akanibonyeza taratibu, kisha akasema: "Mwanangu, sijui bado. Tuanze upya." Choo, mkojo, ultrasaundi, na ikibidi rufaa ya kuingiziwa kamera tumboni. Jibu sina mpaka leo. Lakini kwa mara ya kwanza kuna mtu analitafuta.

Kwa hiyo ukiambiwa una taifodi, uliza kwa heshima: mmeonaje? Kinaweza kuwa nini kingine? Nisipopona, hatua inayofuata ni ipi? Na Wizara ya Afya nayo ituambie kwa nini karatasi ya Widal peke yake bado inatosha kumtia mtu dozi.