Wenye ploti, pakeni mabati rangi nyeupe

Kwa Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu joto tunaloshinda nalo huku Mukuru kwa Njenga. Nyumba zetu ni mabati juu, mabati ubavuni, na dari hakuna. Ifikapo saa nane mchana mwezi wa Februari, chumba hakikaliki. Maziwa ya asubuhi yameshaganda, na mtoto anavuliwa nguo zote na bado analia.

Jirani yangu, fundi cherehani, alinunua rangi nyeupe ya paa, ile inayorudisha miale ya jua, akapaka chumba chake. Niligusa bati lake kwa ndani jua likiwa kali, mkono ukatulia. Langu, lenye kutu, huwezi kuligusa. Na msidhani bati jipya linalong'aa ni dawa: hurudisha mwanga, lakini joto linaloingia hung'ang'ania, ilhali rangi nyeupe hulitoa haraka. Wala haihitaji stima.

Nilipomwomba mwenye ploti atupakie, alinijibu nihamie Karen, mtaa wa matajiri. Kodi lakini hasahau!

Jiji la Ahmedabad, India, lilianza mpango wa kupaka mapaa ya mitaa ya maskini mwaka 2017, mwaka uleule Mukuru ilipotangazwa eneo maalum la mipango miji. Kaunti ya Nairobi inasemaje? Ingeweza kuanza na shule za mabati. Na wasomaji mliokwisha kupaka, tuelezeni rangi hiyo hudumu kwa muda gani kabla ya vumbi la huku kuimaliza.

Mpangaji,
Mukuru kwa Njenga, Nairobi