Robinson Crusoe Hakuwa Peke Yake

Huenda nawe ulipata kuisoma shuleni hadithi ya Robinson Crusoe, iliyotungwa na Mwingereza Daniel Defoe na kuchapishwa London mwaka 1719. Ni habari ya mtu aliyevunjikiwa merikebu, wenzake wote wakafa maji, naye akaishi kisiwani miaka 28. Alijenga boma, akafuga mbuzi, akalima shayiri na mpunga, akafinyanga vyungu. Wazazi wengi huwapa watoto wao kitabu hiki ili wajifunze kutokata tamaa. Funzo hilo ni jema, lakini si lote lililomo.

Kwanza, bwana yule hakuanza mikono mitupu. Kabla dhoruba haijaivunja merikebu kabisa, aliiendea mara nyingi, akatoa sanduku la zana za seremala, mashoka, jiwe la kunolea, bunduki, baruti na mchele. Nani aliyafua mashoka yale? Nani aliulima mpunga ule? Jasho la wafanyakazi wasiotajwa majina ndilo lililomvusha.

Pili, tuulize alikuwa akienda wapi. Alikuwa na shamba Brazil, naye alikuwa safarini kwenda pwani ya Guinea, Afrika ya Magharibi, kutafuta watumwa. Awali, yeye mwenyewe alipata kuwa mtumwa huko Morocco, akatoroka pamoja na kijana aitwaye Xury. Kijana huyo akamwuza kwa nahodha Mreno kwa reale 60 za fedha. Alipokuja kujuta, alijuta kwa kuwa amekosa msaidizi wa shambani! Na kisiwani, alipomwokoa mtu kutoka mikononi mwa maadui zake, alimpa jina la Ijumaa, kisha akamfundisha kumwita yeye "Bwana". Jina alilopewa Ijumaa na wazazi wake hatulisikii kamwe.

Je, tuwanyime watoto kitabu hiki? Hasha. Keti na mwanao jioni, msome pamoja, kisha umwulize: shoka lilitoka wapi? Xury alikosa nini? Mtoto atakayejibu maswali hayo atajua kwamba kujitegemea si kujitenga na wenzio, wala si kuwageuza wenzio kuwa zana zako. Wahenga walikwisha kutuambia: kidole kimoja hakivunji chawa.