Bomba lililopasuka likatwe, lisifungwe tyubu

Vijana wenzangu, leo nitakuwa mkali kidogo.

Juzi kijana mmoja anayelima mboga hapa Ipagala alinipigia simu saa 12 asubuhi. Bomba limepasuka usiku, tuta la miche ya nyanya limezama, tenki tupu. Amesoma mtandaoni kwamba mabomba hupasuka maji yakiganda, anauliza kama ni hii baridi ya Julai. Hapana bwana! Ni kweli maji yakiwa barafu yanatanuka kwa kama asilimia 9 na bomba linapasuka, ila hayo waachie wenzetu wa Makete kule Kitulo. Dodoma adui ni jua. Bomba gumu la plastiki likilala juu ya ardhi miaka, linakauka. Usiku watu hawachoti maji, presha inapanda, linatoa ufa.

Nilipofika nikakuta bomba lilelile lina bandeji nyingine mbili za tyubu ya baiskeli. Hapo ndipo ninapogombana na wengi wenu. Mnasema tyubu ni bure, soketi ni hela. Haya, nikatega ndoo ya lita 20 chini ya bandeji moja, ikajaa kwa dakika 10. Hiyo ni lita 120 kwa saa. Maji yakitoka siku nzima ni lita 2,880, karibu simtanki la 3,000, na yote yamepita kwenye mita. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga tyubu nyumbani nikasahau miezi miwili. Bili iliyokuja sikumwonyesha mke wangu.

Funga koki. Kata kipande chote chenye ufa, zidisha sentimita chache kila upande, maana ufa huendelea mahali usipouona. Kausha, piga msasa, paka gundi kwenye bomba na ndani ya soketi, sukuma ukizungusha kidogo, shikilia. Usifungulie maji mpaka gundi ikauke kabisa; miche imwagilie kwa keni. Bomba jeusi la roli halishiki gundi, hilo linataka koneta ya kukaza.

Halafu lifukie, nusu mita, jembe lisilifikie. Bila hivyo mwakani utanipigia tena.

Yule kijana tulikata, tukaunga vizuri. Mfereji akasema atachimba Jumamosi. Jumamosi nimepita pale, jembe limeegemea ukuta na bomba linaota jua.